Ndama Mmoja Kila Picha

Kuna watu walioumbwa kusafiri, na kuna mimi. Kabla ya kufika Merrylands, kitongoji hiki cha kusini mwa dunia, nilivuka nchi nne, na hakuna hata moja niliyoivuka kwa kupenda. Ndiyo maana siku nilipokabidhiwa ufunguo wa nyumba hii niliingia, nikafunga mlango, na tangu hapo nakaa ndani kama mlinzi aliyeajiriwa na kuta zenyewe. Mke wangu akitaka kunitania mbele ya wageni huniita kabati. "Hili kabati msilijali," huwaambia, "tulilikuta humu." Feri ya Parramatta, ile ambayo watoto wa shule huipanda wakila chipsi, niliipanda mara moja tu, nikiwa nimeshika kiti kwa mikono miwili, na bibi mmoja akaniuliza kama nahitaji msaada.

Kwa hiyo mgongo wangu uliponisaliti kwenye ghala kule Ingleburn, nikiwa nainua boksi ambalo hata halikuwa zito, na daktari akaniamuru nikae nyumbani wiki sita, watu wa kanisani walikuja kunipa pole. Nilipokea pole zao kwa uso wa huzuni. Moyoni nilikuwa nashangilia.

Siku ya tatu ya mapumziko, binti yetu alinikuta nikipanga vijiko kwa ukubwa. Binti huyu anasoma mambo ya wanyamapori kwenye chuo pale Parramatta. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, mpaka utani uliofichwa ndani ya sentensi, lakini jibu lake hutoka kwa Kiingereza.

"Baba," aliniambia kwa hicho Kiingereza chake, "unahitaji shughuli kabla hujaanza kupanga punje za mchele."

Shughuli yenyewe ilikuwa hii. Kaskazini kabisa ya Kanada, mahali ambapo hata miti imekata tamaa ya kuota, wanaishi wanyama wanaoitwa karibou. (Jina lao, ndiyo, najua. Utani wote juu ya jina hilo ulikwisha humu ndani siku ya kwanza, sitaurudia.) Ni jamii ya kulungu, wakubwa, wenye pembe za matawi, na majike nao wana pembe. Kila mwaka mwezi wa sita majike wenye mimba hukusanyika kwa maelfu kwenye uwanda mmoja wazi na kuzaa. Watu wa huko hurusha ndege ndogo juu ya uwanda huo. Ndege inakwenda mstari mnyoofu, inageuka, inarudi kwa mstari mwingine, kama mtu anayefyeka majani ya uwanja, na kamera iliyofungwa tumboni mwake inapiga picha njia nzima. Baadaye lazima mtu akae azitazame picha moja moja na kuweka nukta juu ya kila mnyama: ya kijani kwa jike, nyekundu kwa ndama. Walijaribu kuiachia kompyuta peke yake, ikawa inahesabu mawe.

"Wanatafuta watu wa kujitolea, popote walipo duniani," binti yangu alisema. "Watu wenye macho mazuri, wanaoweza kukaa kitini saa nyingi bila kuchoka kukaa."

Akanitazama. Nikamtazama. Hatimaye ulimwengu ulikuwa umegundua kipaji changu.

Kulikuwa na mtihani. Picha arobaini ambazo wazoefu wameshazihesabu, na wewe hujui walipata ngapi. Ukiwakaribia unapewa picha za kweli, za mwaka huu. Ukikosea sana unatumiwa barua ya shukrani na mlango unafungwa.

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyomwonyesha binti yangu. Kwetu, milima ya juu ya Itombwe, kijana alianza kuitwa mtu siku alipokabidhiwa ng'ombe. Kaka zangu wawili walikabidhiwa. Mimi nilikabidhiwa kuni na ndoo ya maji. Mama alikuwa amenipima na kutoa hukumu mapema. "Huyu," alisema mbele ya watu, "anawatazama ng'ombe kama anatazama mawingu." Baadaye vita vikaja, na hapakuwa tena na ng'ombe wa kumkabidhi mtu yeyote, na juu ya hilo sitasema zaidi. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia: chukua hawa, jioni uniambie kama wote wamerudi.

Mama anaishi nasi. Kiti chake kipo karibu na hita, na Julai ya hapa, katikati ya majira ya baridi, yeye na hita hawaachani. Asubuhi nilipofungua laptopu ya binti yangu mezani, Mama aliigeuza shingo tu, mwili ukabaki ndani ya blanketi.

"Unafanya nini hapo?"

"Nahesabu wanyama, Mama."

"Wa nani?"

"Hawana mwenyewe. Wa porini."

"Wako hai?"

"Walipopigwa picha walikuwa hai."

"Basi usiwahesabu."

Nilijua linakuja. Kwetu mnyama aliye hai hahesabiwi. Jioni Mama alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi, ng'ombe wanapita mbele yake, naye hasemi mmoja wala wawili. Anatazama. Anatazama rangi, mabaka, namna pembe zilivyokaa, nani anatembea nyuma ya nani. Wakishaingia wote anasema, "Yule mwenye kidoa hajaja," na mtu anatumwa kumtafuta. Kutaja idadi kamili kulionekana kama kuyafunga maisha yao ndani ya gunia na kumwitia mwizi. Mtu wa chanjo alipokuja na kumuuliza mjomba wangu ana ng'ombe wangapi, mjomba alitaja idadi pungufu kwa mmoja. Mmoja lazima abaki nje ya hesabu, ili hesabu isikamilike. Mtu wa chanjo alileta dawa kwa idadi aliyotajiwa, na ng'ombe mmoja alikosa sindano kwa heshima hiyo.

"Mama," nikamwambia, "mimi nimemaliza sekondari."

"Ng'ombe hawajui kama umesoma."

"Hawa si ng'ombe."

"Wana miguu minne na wanazaa," alisema Mama, akarudisha shingo kwenye hita.

Nikafungua picha ya kwanza.

Sijui nilitegemea nini. Labda picha kama za kalenda: mnyama mmoja amesimama kwa heshima na mlima nyuma yake. Kilichofunguka kilikuwa kama kitambaa cha kahawia chenye mabaka meupe ya theluji, na juu yake kitu kama majani ya chai yaliyomwagika. Nikaikuza picha. Majani ya chai yakawa punje za mchele. Nikaikuza tena. Punje zikaota vivuli, vivuli vikaota miguu, na juu ya vichwa vya vivuli zikaota pembe, matawi kwa matawi, yamelala chini juu ya kuvu za miamba na theluji. Ukiwa juu, mnyama ni mgongo tu. Kivuli ndicho kinachokwambia ni nani. Na pale karibu na mgongo mmoja palikuwa na mgongo mwingine mdogo, mwekundu kwa mbali kama udongo wa kwetu, na kivuli chake kilikuwa na miguu mirefu kuliko mwili.

Nilisahau mgongo wangu. Nilisahau chai. Nilihisi nimeshikwa kwenye ukosi na kuinuliwa juu sana, mimi ambaye napata kizunguzungu juu ya ngazi ya kubadilishia balbu, na nimewekwa mahali ambapo mwanadamu hakupaswa kusimama, nikatazama chini na kuona wamama mia wakinyonyesha bila kujua kuwa natazama.

"Mama," nikaita. "Hebu njoo."

"Nina baridi."

"Njoo na blanketi."

Alikuja akilalamika, akavaa miwani, akainama. Nikamkuzia yule mdogo mwekundu. Mama akasogeza uso karibu zaidi. Kisha akanyoosha kidole, akakisimamisha hewani bila kugusa skrini.

"Ana siku mbili," alisema.

"Unajuaje?"

"Miguu haijamwamini bado."

Tukatazama. Picha ya pili, ya tatu. Kwenye moja, kundi lilikuwa linavuka mto ulioyeyuka nusu, na mstari wao ulikuwa mrefu mpaka ukatoka nje ya picha pande zote mbili, kana kwamba haukuwa na mwanzo. Kwenye nyingine, njia zao ardhini zilikuwa zimechimbika mamia kwa mamia, zinakutana na kuachana kama mishipa mgongoni mwa mkono wa mzee. Binti yangu alikuwa ameniambia kuwa njia nyingine ni za zamani mno, zimepitwa na bibi za bibi zao.

"Nani anawapeleka huko?" Mama aliuliza.

"Hakuna. Wanakwenda wenyewe. Wanatembea miezi juu ya theluji, na mimba tumboni, mpaka wafike uwanda uleule."

"Kuna majani mazuri?"

"Hata si sana. Ila mbwa mwitu ni wachache."

"Wakifika wanazaa wote pamoja?"

"Karibu wote. Wiki moja, mbili."

"Na nani anawazalisha?"

"Hakuna, Mama."

Mama yangu amewahi kuingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe, chini ya mvua, akamgeuza ndama aliyekaa vibaya na kumtoa mzima. Hilo wanalisimulia mpaka leo watu waliotawanyika Nairobi na Adelaide. Alivua miwani, akaifuta na pembe ya blanketi, akaivaa tena.

"Hakuna," alirudia, kwa sauti ya mtu anayeingia kanisa kubwa kuliko alilolizoea.

Picha ya kumi na saba ndiyo iliyotumaliza. Jike mmoja alikuwa amelala pembeni ya baka la theluji, mbali na wenzake. Tulifikiri amechoka. Nilipomkuza, nyuma yake palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, nusu nje, nusu bado hakijafika duniani. Ndege ilikuwa imepita juu yake kwa sekunde ileile. Kwa uwanda mzima, kwa siku zote zile, kamera ilikuwa imefumba na kufumbua jicho mara moja, na ndani ya kufumbua huko mtoto alikuwa mlangoni. Mama alikaa chini. Mimi nilikuwa nimeshakaa, basi nikasimama.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu.

Niliweka nukta kwa bidii. Kijani, kijani, nyekundu. Lakini kila nilipobakiza mnyama wa mwisho kwenye picha, mkono ulikuwa mzito. Mama alikuwa amerudi kwenye kiti chake na kuanza kusinzia, wala hakuwa akinitazama. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenye cheti cha sekondari alikuwa peke yake na mausi ya kompyuta. Nikajiambia: nitamwacha mmoja tu. Mmoja kwenye picha nzima, nani atamwona? Na kama ni kumwacha mmoja ili asidhurike, nimwache yupi kama si mdogo kuliko wote? Nikamchagua ndama mmoja aliyejibanza kwa mama yake, nikampita bila nukta, nikabonyeza "imekamilika". Nikahisi nafuu, kama mtu aliyefunga dirisha kabla ya mvua. Nikafanya hivyo picha ya pili. Nikafanya hivyo zote arobaini.

Kisha nikazituma, nikasubiri, na kwa siku nne nilikuwa mtu wa kukimbilia simu. Mke wangu, ambaye ni wa mjini Uvira na hajawahi kuwapenda ng'ombe nje ya sahani, alifurahi sana.

"Kabati linasubiri barua," alisema akifunga viatu vyake vya kazi. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, anatoka alfajiri na anarudi na hadithi. "Papa, usipopita mtihani utalia? Niambie mapema ninunue tishu."

"Nitapita."

"Umehesabu kulungu kwenye picha. Hata kama umepita, usianze kutembea na fimbo."

Barua ilikuja, lakini haikuwa ya kupita wala ya kushindwa. Ilisema msimamizi angependa kuongea nami kwa video. Binti yangu aliisoma mara mbili. "Huwa hawafanyi hivi," alisema, na hilo halikunisaidia.

Asubuhi ya mazungumzo nilivaa shati la Jumapili, na chini suruali ya kulalia, kwa kuwa kamera haifiki huko. Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sweta nene. Dirishani kwake jua lilikuwa kali. Kwao ilikuwa bado mchana wa jana. Mama alijisogeza na kiti chake mpaka akaonekana pembeni mwa picha, akapunga mkono. Msimamizi akapunga pia. Nikafikiri labda mambo si mabaya.

"Kazi hii naifanya miaka mingi," alianza, taratibu, kwa Kiingereza cha kumwonea huruma msikilizaji. "Kuna wanaozidisha, kuna wanaopunguza. Wewe majike umewapata karibu wote. Ni kazi nzuri sana. Lakini ndama wamepungua kwenye kila picha, na wamepungua mmoja. Hakuna picha ya wawili. Hakuna picha ya sifuri. Mmoja, mara arobaini. Tulidhani programu imeharibika. Tuliikagua."

"Ni macho," nikasema haraka. "Miwani ya zamani."

"Macho hayakosei kwa utaratibu namna hiyo."

Akaendelea, naye hakuwa na hasira, na nadhani hasira ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Akaniuliza kama najua ndama wale wanahesabiwa kwa nini. Akaeleza: wanapima ndama kwa majike. Ndama wakiwa wengi, kundi lina kesho. Wakiwa pungufu, kuna kitu kinawaua, na watu wa huko ambao chakula chao na mavazi yao vimetoka kwa wanyama hawa tangu zamani wataambiwa wawinde kidogo au wasiwinde kabisa. "Kwenye mtihani ni ndama arobaini tu," alisema. "Lakini picha za kweli ni maelfu. Ukifanya hivi huko, mimi nitaandika kuwa mwaka huu ndama wanakufa. Na watakuwa hawajafa."

Nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye suruali ya kulalia. Nilikuwa nimewaruka kwa sababu niliwaogopea. Kwa kuogopa wasife, nilikuwa nimewaua mwenyewe, mmoja kila picha, na kubonyeza "imekamilika".

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

"Anasema nimekosea."

"Umekosea nini?"

Msimamizi alikuwa anasubiri. Mama alikuwa anasubiri. Nikamwambia Mama ukweli, kwa lugha ya nyumbani, kwamba nilimwacha ndama mmoja kwenye kila picha ili hesabu isikamilike, kama Mjomba.

Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mtoto na ndoo.

"Ndama?" alisema. "Ulimwacha *ndama*?"

"Ndiye mdogo. Nilitaka..."

"Mjomba wako alimwacha dume zee! Lile lisilo na meno! Kila mwaka lilelile! Nani alikuambia ndama anaachwa? Ndama ndiye wa kwanza kutazamwa. Jioni unamtazama ndama kabla hujamtazama mama yake, kwa sababu mama atarudi mwenyewe, ndama harudi." Alijigeuza kwenye kiti, blanketi likaanguka. "Hata kukosea anakosea vibaya. Miaka yote hii nilifikiri labda nilikuonea."

"Kuna tatizo?" msimamizi aliuliza.

Basi nikamweleza. Nilimweleza desturi yetu, na Mjomba, na mtu wa chanjo, na mwisho nikamweleza kuwa hata desturi yenyewe nilikuwa siijui vizuri. Kiingereza changu kilijikwaa mara kadhaa. Nilitegemea acheke, na angecheka ningemsamehe. Hakucheka. Aliinamisha kichwa akafikiri, kisha akatoa sharti.

"Kama kweli uliwaona ukawaacha, unaweza kunionyesha. Nitafungua picha tano nizipendazo mimi. Ukinionyesha ndama uliyemwacha kwenye kila moja, tutaendelea. Usipoweza, nitakushukuru na tutaishia hapo."

Nikamtafsiria Mama. "Wale niliowaacha wameandikwa kama wamekufa," nikaongeza. "Anataka niwaonyeshe."

"Nani kawaandika wamekufa?"

"Mimi."

"Basi wafufue, unangoja nini?"

Picha ya kwanza ikafunguka, na nukta zangu zikiwa zimefutwa. Niliogopa nitaona kitambaa na majani ya chai. Lakini jicho lilikwenda lenyewe, upande wa kushoto chini, kwenye baka la theluji lenye umbo la sikio, na pale alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, kivuli cha mama yake kikiwa kimemfunika nusu. Nikaweka nukta nyekundu. Msimamizi akasema, "Ndiyo." Picha ya pili: ukingoni mwa mto, amelala, kichwa mgongoni. "Ndiyo." Ya tatu: yule anayenyonya, miguu yake ya nyuma imepanuka kama ya fundi anayesukuma gari. "Ndiyo."

Sikuwa najua kuwa ninawajua. Hilo ndilo ninalotaka kulisema hapa, na sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimetazama mamia ya wanyama ambao sitawahi kuwagusa, katika nchi ambayo sitathubutu kwenda, na wale niliowaruka walikuwa wamebaki ndani yangu mmoja mmoja, kila mmoja na mahali pake na kivuli chake.

Picha ya nne nikakwama. Palikuwa na mawe mengi, na kati ya mawe ndama wawili walikuwa wamejibanza sehemu moja, na majike wanne karibu. Mmoja nilimwekea nukta siku ile, mmoja nilimwacha. Yupi? Nilisogeza mausi huku na huku.

Mkono wa Mama ukapita mbele ya uso wangu, na kidole chake kikasimama karibu na skrini.

"Huyo wa kulia. Wa kushoto mama yake amekula, ametulia, huyo hata mtazama mawingu kama wewe angemwona. Wa kulia mama yake amegeuza shingo. Anakitafuta kivuli cha ndege. Mtu akiwa na wasiwasi namna hiyo utaogopa kumhesabia mtoto. Ulimwacha huyo."

Nikaweka nukta kulia.

"Ndiyo," alisema msimamizi. "Huyo mama ni nani?"

"Mama yangu."

"Anataka kazi naye?"

Nikatafsiri. Mama akajifunika blanketi upya, kwa hadhi. "Mwambie mimi sihesabu."

Ya tano ilikuwa rahisi. Ilikuwa ile ya kumi na saba: kwenye picha ile nilikuwa nimemwacha yule aliyekuwa mlangoni, ambaye hata sikujua kama sheria inamtambua kuwa ameshafika. Msimamizi aliitazama muda mrefu. Akasema kwenye ofisi yao walibishana juu ya huyo siku mbili, na mwishowe wakamwekea nukta.

Kabla hajakata, Mama alinivuta shati. Alikuwa na swali. "Muulize, hao kwenye picha ndio wote?"

Msimamizi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema hapana, hata karibu. Ndege inapita kwa mistari. Kati ya mstari na mstari kuna ardhi ambayo hakuna aliyeitazama, na wao hukisia tu waliopo huko kutokana na waliowaona. Hata kwenye mstari wenyewe kuna wanaofichwa na mawe au ukungu. "Idadi kamili," alisema, "hakuna anayeijua. Sidhani kama tutaijua."

Mama alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa polepole. "Vizuri," alisema. "Basi mwambie aiache hivyo."

Jioni mke wangu aliporudi nilimpa habari nikiwa bado na lile shati la Jumapili. Picha mia mbili za mwaka huu zilikuwa zimeshafika, na barua yenye sentensi moja: *Ndama wote, tafadhali.* Alinikumbatia kwa nguvu, akaukumbuka mgongo, akaniachia. "Kabati limepata ng'ombe," alisema. "Sasa hatutalala."

Kesho yake baada ya kifungua kinywa nilifungua ya kwanza. Hii wazoefu hawakuwa wameihesabu. Hakuna mtu duniani aliyekuwa ameitazama kabla yangu, na ilikuwa imejaa, kutoka ukingo mpaka ukingo, migongo na vivuli na vitoto vyekundu visivyoiamini miguu yao. Nilikaa kwanza bila kugusa kitu. Kisha nikashika mausi.

Mama aliinuka kwenye kiti chake. Hakunikataza. Aliitazama picha juu ya bega langu, kisha akakunja blanketi, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji kwa nguvu ili asisikie idadi. Nikaanza na ndama, kama alivyosema, nikiwataja kwa sauti ya chini, mpaka nikafika mwisho wa picha na kuona hapajabaki kitu. Nikapeleka mkono kwenye "imekamilika".

Bomba likafungwa.

"Umemwona yule wa pembeni juu," sauti ya Mama ikaja kutoka jikoni, "nyuma ya lile jiwe refu?"

Nikarudi kutazama. Nilikuwa sijamwona.